Mwangalizi wa Josho Aliyekataa Kuhesabu Ng'ombe

Kabla ng'ombe wa kwanza hajaruka ndani ya josho, mwanamke yule alikuwa anapiga magoti ukingoni, anachota dawa kwa kopo la maziwa ya unga, anainusa, kisha anatulia kidogo kama mpishi anayesikilizia chumvi kwenye mchuzi. "Imelala," alikuwa anasema. Au, "Leo iko macho." Ikiwa imelala aliongeza dawa, na kabla ya kuongeza aliinua chupa juu, kwanza upande wa kulia, halafu wa kushoto, kila mfugaji aione, ndipo aimimine. Nilidhani ni mbwembwe. Baadaye nilielewa kwamba ule ulikuwa utetezi wa mtu ambaye ameshaanza kushtakiwa.

Hapa nitamwita Mwangalizi, kwa sababu alikuwa mwangalizi wa josho na wengi walimwita hivyo. Jina lake ninalijua. Limeshatajwa vya kutosha kwenye mikutano, na sitaki kuwa mtu mwingine wa kulitaja wakati yeye hayupo.

Josho lenyewe liko uwandani, chini ya Mlima Hanang, mwendo mrefu wa bodaboda kutoka Katesh. Mimi ni wa juu, Mbulu, kwenye baridi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani nikimsaidia mama kupalilia viazi, cheti changu kikiwa ndani ya bahasha, nilipopata kazi ya muda kwenye mradi wa utafiti. Utafiti ulihusu kupe na buibui wenye sumu katika wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, na watafiti waliamua wasikusanye peke yao. Wananchi wenyewe wangeokota wadudu kwenye mifugo na kwenye kuta za nyumba zao, wangejaza fomu, na sampuli zingepelekwa maabara. Kupe waliokufa walitiwa kwenye spiriti ili ijulikane ni wa aina gani. Kupe walio hai waliwekwa kwenye vichupa vyenye matundu ili wajaribiwe kama dawa bado inawaua. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wananchi, kugawa chupa, kukusanya, na kutabasamu.

Siku ya kwanza joshoni nilitoa maelezo niliyokuwa nimeyakariri. Wafugaji walisikiliza wakiegemea fimbo zao. Nilipomaliza, aliyeuliza swali alikuwa yeye peke yake.

"Binti, majibu yatarudi?"

"Yatarudi, mama."

"Kwa karatasi?"

"Kwa karatasi."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

Mimi ni mtu anayefikiria mara tatu kabla ya kuagiza chai. Siku ile nilijibu bila kufikiri hata mara moja, na hakuna mtu ofisini aliyekuwa ameniambia kwamba majibu yatarudi, kwa karatasi wala kwa mdomo.

Aliuliza kwa sababu alikuwa na shida. Kwa misimu miwili kupe walikuwa wanatoka joshoni wakiwa hai, wameng'ang'ania masikio na mikia kama walivyoingia. Ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Na palipo na dawa isiyoua, watu humtazama anayeichanganya. Ilisemekana anaitia maji, na kwamba dawa inayobaki anaiuza. Mwaka huohuo alikuwa ameezeka nyumba yake bati jipya, baada ya mavuno mazuri ya mahindi, na bati likawa ushahidi. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia kisimani, huku akicheka, "Jirani, mvua ikinyesha bati lako linanukia dawa."

Yeye aliamini jambo moja: kupe wameizoea dawa. "Wameizoea kama mlevi anavyoizoea pombe," aliniambia. "Zamani kikombe kimoja kilimlaza. Leo anamaliza debe anakwenda nyumbani anaimba." Aliyasema hayo kabla sijamfundisha chochote kuhusu usugu wa dawa. Alichohitaji ni mtu mwingine aseme hivyohivyo, mtu mwenye muhuri. Ndiyo maana akawa mjitoleaji bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Utani aliupenda, na mwenzake wa utani alikuwa mzee mmoja mwenye boma karibu na bwawa, ambaye nitamwita Mzee wa Bwawani. Walikuwa wamechokozana miaka mingi. Siku moja mzee alisimama upande wa kutokea, akakagua sikio la fahali wake, akapaza sauti:

"Mama, kupe wangu wametoka wamenawiri. Umewapa sabuni?"

"Nimewaogesha tu, mzee. Wewe wa mwisho kukuogesha alikuwa mama yako."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mzee naye alicheka. Lakini baada ya ndama wake kadhaa kufa mfululizo, utani wake uliota miiba. Akija alisema yaleyale, ila hakuwa anacheka, na Mwangalizi alijibu yaleyale, ila hakuwa anamtazama.

Vidole vya Mwangalizi vilikuwa vifupi, vimepasuka kwa dawa, na vilijua kazi. Kumng'oa kupe, alisema, hakuhitaji hasira. Ukimvuta kwa hasira anaacha mdomo wake ndani na kidonda kinabaki. Alilishika sikio la ng'ombe kwa mkono wa kushoto, akamwambia ng'ombe maneno fulani kwa lugha yao ambayo hakukubali kunitafsiria, kisha wa kulia ukafanya kama unachambua mchele. Aliwatambua kwa sura: wa kahawia wa masikioni, wa bluu wa tumboni, wale wenye miguu ya madoadoa. Walio hai aliwatunza pembeni ya mtungi wa maji ili wasikauke, na akawawekea jani bichi ndani ya kichupa. Jirani akiuliza alisema anafuga.

Safari moja sikuweza kushuka Hanang kwa sababu ya homa, akaamua kuwaleta mwenyewe mpaka Mbulu. Alipanda bodaboda, kisha basi, kisha bodaboda tena, akiwa amepakata boksi. Dereva wa mwisho alimuuliza kuna nini ndani. "Mboga," alisema. Mtu aliyekuwa anakemea uongo kuliko padri! Nilipomtania alinikazia macho. "Ningesema kupe angenishusha njiani. Hapo ukweli ungefika vipi?"

Buibui, kwa upande mwingine, aliwaogopa kama mtoto. Mwanamke aliyemkamata kupe aliyejaa damu kwa vidole vitupu, akimwona buibui ukutani alitoka nje na kuita watu. Nilimuuliza sababu. "Kupe namjua anachotaka," alisema. "Anataka damu, basi. Buibui anakaa tu pale. Anataka nini?"

Hata hivyo alileta mmoja. Binti wa jirani yake alikuwa ameamka na kidonda mguuni, kikawa kinaoza taratibu, na juu ya kitanda alionekana buibui wa kahawia. Mwangalizi alimnasa kwa kikombe cha bati, akamleta nyumbani kwake, akaweka jiwe juu ya kikombe, akanipigia simu, kisha akalala nje, chini ya paa la jiko, siku mbili, kwa sababu kikombe kilikuwa ndani ya nyumba yake. Nilipofika tulimpeleka mgonjwa kituo cha afya na buibui tukampeleka kwa watafiti. Wiki ile wakaniambia buibui yule hana sumu ya kumdhuru mtu. Kidonda kilikuwa na sababu nyingine.

Nilidhani atafurahi. Alikasirika. "Siku mbili nimemfungia mdudu asiye na kosa?" Akanitaka niende nyumba kwa nyumba pale jirani kuwaambia watu kwamba yule buibui hakuhusika. Tulikwenda wote wawili, nyumba saba au nane. Walitusikiliza kwa adabu, wakatukaribisha chai. Tulipotoka kwenye nyumba ya tatu nilisikia ndala ikipigwa ukutani nyuma yetu.

Hasira hizo zilikuwa na upande wa pili. Alikuwa mkali wa salamu; kijana aliyepita bila shikamoo aliitwa arudi, tena mbele ya ng'ombe wake. Alikuwa mbishi kanisani na mtoro wa vikao vya akina mama. Lakini tope liliposhuka mlimani likafunika kitongoji cha Jorodom, aliondoka asubuhi ileile na koleo na sufuria kubwa, na hakurudi kwa siku nyingi. Sijawahi kumsikia akieleza alichokiona kule. Nilipouliza alisema, "Tulipika," akabadili mazungumzo.

Sasa nifike kwenye ng'ombe, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Fomu yetu ilikuwa na safu iliyoandikwa "Idadi ya ng'ombe waliokaguliwa." Bila idadi hiyo, hesabu ya kupe haina maana: kupe mia kwa ng'ombe wawili si sawa na kupe mia kwa ng'ombe hamsini. Mwangalizi alijaza safu nyingine zote kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo. Kwenye safu ile aliandika "Wa kutosha." Fomu ya pili aliandika "Wachache kuliko juzi." Ya tatu, "Wengi, Mungu ashukuriwe."

"Mama, hapa wanataka namba."

"Namba ya kupe nimeweka. Hata wale wadogo."

"Ya ng'ombe."

"Ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa mdomo, binti. Wala kwa kalamu. Ukimhesabu umemwita mwenye kupunguza."

Nilimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa kanisa. Alikuwa na jibu tayari. "Kanisani tunasomewa habari za mfalme aliyehesabu watu wake, tauni ikaingia. Kama watu waliadhibiwa, itakuwa ng'ombe?"

Na kwa kweli haikuwa hofu yake peke yake. Wafugaji walikuwa wameshamwonya: siku atakapoandika idadi ya mifugo yao, hawatarudi. Kwa mtu anayetuhumiwa wizi, kuongezewa tuhuma ya kuwaroga ng'ombe kungekuwa mwisho wake. Nilirudi Mbulu nikalifikiria jambo hilo mpaka kichwa kikauma. Yeye ndiye aliyepata ufumbuzi. Joshoni palikuwa na desturi ya zamani: kila ng'ombe akitoka, mwenye ng'ombe alidondosha punje ya harage ndani ya kibuyu, bila kuhesabu. Kibuyu kikijaa, dawa inahitaji kuongezwa. Hakuna aliyehesabu ng'ombe; kibuyu kilijaa tu.

"Nitakufungia maharage," alisema. "Kila fomu na pakiti yake. Huko mjini kama kuna mtu asiyeogopa, ahesabu yeye. Atakuwa amehesabu maharage."

Niliona ni akili ya ajabu. Bado naona hivyo. Alifunga pakiti kwa karatasi za daftari, moja kwa kila fomu, akaandika tarehe juu yake, akazipanga ndani ya boksi pamoja na vichupa vya kupe walio hai. Siku hiyo nilikuwa naelekea Dongobesh kukusanya kwa wajitoleaji wengine, kwa hiyo boksi lilipelekwa ofisini na dereva wa mradi. Nilipaswa kuambatisha maelezo. Niliandika: "Tafadhali hesabuni maharage, yanawakilisha ng'ombe." Nikaisoma. Niliona watafiti wataniona mshamba. Nikaandika upya kwa lugha ya kitaalamu, ikawa ndefu na haieleweki. Nikaandika ya tatu. Nikasema nitawaeleza ana kwa ana, ni siku mbili tu. Dereva akaondoka na boksi bila karatasi yoyote yangu.

Niliporudi ofisini siku ya pili, mchana, watu walikuwa wanakula makande. Nilikuwa na njaa, nikapakuliwa. Yalikuwa matamu, nikaongeza sahani ya pili. Nikauliza maharage yametoka wapi.

"Wale watu wako wa Hanang wana roho nzuri," alisema mama anayetupikia. "Wametuma zawadi, pakiti kwa pakiti, yamechambuliwa kabisa."

Hakuna aliyekosea. Huku kwetu mtu wa kijijini akituma boksi mjini, huweka na kitu cha jikoni juu yake. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ingekuwa kweli zawadi. Karatasi za daftari zilikuwa zimetumika kuwashia moto.

Fomu zake zikabaki na safu tupu. Za mwanzo alizoandika "Wa kutosha" zilikuwa palepale, na kijana wa kuingiza takwimu aliwaonyesha wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Maabara ilikuwa na utaratibu wake: sampuli ambayo fomu yake haijakamilika inawekwa pembeni mpaka ikamilike. Vichupa vya Mwangalizi viliwekwa kwenye rafu. Niliomba, nikaeleza, nikaandika barua pepe. Nilijibiwa vizuri, kwamba wanasubiri idadi. Idadi ilikuwa tumboni mwetu. Kupe wake walikauka ndani ya vichupa vyao mmoja mmoja, hawakupimwa, na awamu ya kukusanya ikafungwa.

Ilinichukua wiki tatu kwenda kumwambia. Nilipomweleza habari ya makande alinitazama, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, machozi yakimtoka.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula, mama. Sahani mbili."

"Uwii! Boma zima la Mzee wa Bwawani, umelimaliza kwa kijiko!"

Kisha kicheko kikamwisha, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo karatasi haiji," alisema. Hakuwa ameuliza.

Mkutano wa kijiji uliitishwa mwezi uliofuata, ajenda ikiwa josho. Mwenyekiti aliniruhusu nizungumze, na nilikuja na karatasi mbili za hoja. Mwangalizi alikaa mbele, chini, pamoja na wanawake wengine, miguu ameinyoosha. Nilisimama nikasema inawezekana kupe wa josho hili wamejenga usugu dhidi ya dawa, jambo ambalo limeonekana mahali pengine.

Mzee wa Bwawani alinyanyuka. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililonimaliza, alikuwa mpole kabisa.

"Binti, umesema inawezekana. Mmepima?"

"Hatujapima, mzee. Sampuli zilikufa kabla..."

"Kwa hiyo hujui."

"Sina uthibitisho. Ila dalili zote..."

"Sisi hatukusoma, nisaidie kidogo. Dawa ikitiwa maji mengi, kupe watakufa?"

"Hawatakufa."

"Kwa hiyo inawezekana pia ilitiwa maji?"

Nimeirudia sekunde ile mara nyingi sana. Nilifikiria nilivyofundishwa, kwamba dalili moja inaweza kuwa na sababu mbili, na kwamba mtaalamu hasemi asichokipima. Nilifikiria kwamba nikisema hapana nitakuwa nimedanganya mbele ya watu mia. Nilifikiria kwamba nikisema ukweli wote, taratibu, watanielewa.

"Kitaalamu," nilisema, "hilo nalo linawezekana. Lakini..."

"Ahsante, binti," alisema mzee, akakaa. Baada ya neno "lakini" sikusikika tena. Watu wote walikuwa wanazungumza, na mwenyekiti alikuwa anagonga meza. Mwangalizi alikunja miguu yake, akakaa vizuri. Hakunigeukia. Kabla jua halijafika kichwani alikuwa ameshakabidhi ufunguo wa stoo ya dawa.

Walimweka mwanamume mmoja aliyerudi kutoka Babati. Alikuta dawa ya zamani imeisha dukani, akanunua ya aina nyingine kabisa, ile iliyokuwepo. Nilikuwepo siku ya kwanza alipoichanganya. Sijui kwa nini nilikwenda. Ng'ombe walipotoka, kupe walianza kudondoka, wakatapakaa kwenye saruji kama mtama uliomwagika, miguu juu, wamekufa. Wafugaji walipiga makofi. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mnaona? Dawa ikiwa dawa, kupe anakufa!"

Nilikuwa nimesimama katikati yao na nilielewa ninachokiona: dawa ngeni iliwaua kwa sababu hawakuwa wameizoea kama ile ya zamani. Ule ulikuwa ushahidi wake, umelala pale miguuni petu, na kila mtu aliusoma kinyume. Nilimweleza mfugaji aliyekuwa karibu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndiyo, binti," alisema, kwa sauti ya mtu anayempisha mgonjwa njiani. Niliwaandikia watafiti, nikiomba barua fupi tu. Walijibu kwamba wanasikitika, hawawezi kutoa tamko kuhusu josho ambalo halimo kwenye takwimu zao. Ningekuwa wao ningejibu hivyohivyo, na hapo ndipo ninapokosa hata mtu wa kumchukia.

Mara ya mwisho nilimwona Dongobesh, siku ya mnada. Alikuwa amehamia kwa dada yake, akiuza chumvi ya mifugo, ameitandaza juu ya turubai. Nilimpita mara mbili kabla ya kupata ujasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuona ulivyopita. Nikasema huyu bado anapanga cha kusema." Akanisogezea kigoda. "Kazi umepata?"

"Bado."

"Utapata. Kula kwanza, umekonda."

Tulikuwa tumekaa hivyo, tukizungumza habari za mvua, Mzee wa Bwawani alipotokea kati ya watu, shuka begani, fimbo mkononi. Alikuwa amekuja na mafahali wawili wa kuuza. Nilisimama. Mwangalizi hakusimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Chumvi hii haijatiwa maji?"

"Ingetiwa maji ingekuwa machozi, mzee wangu."

Alicheka, kile kicheko cha zamani, kisha akachuchumaa mbele ya turubai, akaweka fimbo chini. "Mama, nilisema maneno mkutanoni. Sasa ndama wangu wanapona, na moyo umepoa. Tulizungumza bomani na wenzangu." Alitafuta maneno kwa muda, kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa yake wala yetu. "Kila mtu ana siku yake ya njaa. Tumekusamehe."

Nikadakia. "Mzee, hapana, sikiliza, hakuna cha..."

Mkono wa Mwangalizi ulinishika kifundo, ukanibana mpaka nikanyamaza.

"Ahsante, mzee," alisema. "Mungu awabariki nyote."

Mzee alichagua mabonge mawili makubwa ya chumvi, akayafunga kwenye ncha ya shuka lake, akatuaga kwa heshima, akaenda zake akiwa mwepesi. Nilimgeukia.

"Mama, kwa nini umekubali? Hukukosea kitu!"

"Nilikuwa nimechoka kubeba kosa ambalo halijasamehewa," alisema. "Hili sasa limesamehewa. Ningemkatalia, ningerudi kuwa mwizi mbishi. Mwizi aliyesamehewa anasalimiwa njiani. Anauza chumvi."

Akapangusa vumbi la chumvi magotini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza bei:

"Na wewe binti, moyoni mwako, unaamini sikuitia maji?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo tangu nilipomfahamu. Lakini niliona ndiyo ni neno dogo mno kwa kitu kikubwa hivyo, nikatafuta kubwa zaidi. Nilifikiria kumweleza kupe walivyodondoka siku ile na maana yake hasa, nikafikiria nianzie wapi, nikaanza kupanga sentensi. Haikuwa muda mrefu. Ni muda wa mtu kumeza mate.

Alisubiri, na alipoona bado nimenyamaza aliinua macho akaniangalia.

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Haya, mwanangu," alijibu, akamgeukia mwanamke aliyekuwa anangoja nyuma yangu, akamuuliza kama anataka chumvi ya ng'ombe au ya mbuzi.